Haramia Anayetapika Kwenye Feri

Jambo moja mlijue kabla sijaanza: mimi nikipanda feri ya Likoni natapika. Si kila siku, lakini msimu wa kusi, maji yakichafuka kidogo tu, kwisha habari yangu. Kivuko chenyewe hata nusu kilomita sidhani kama kinafika; ukianza kumenya chungwa Likoni, utalimalizia Mombasa. Wenzangu husimama na baiskeli zao na matenga yao ya kuku wakipiga soga. Mimi nimekumbatia chuma, ndimu iko puani. Nyanya yangu alikuwa akisema mtoto huyu alizaliwa Likoni kwa makosa, Mola alikusudia Voi.

Sasa, mwaka 2009 nilikuwa nauza katika kijiduka cha sidii pale Mwembe Tayari. Duka si langu, lilikuwa la tajiri mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuja jioni kuhesabu pesa. Kazi yangu mimi ilikuwa kuchoma. Diski moja tupu, filamu sita ndani, shilingi hamsini. Kompyuta ilikuwa na joto la kukaangia mahamri. Za Kihindi, za Kinaijeria, za mateke, zote tulikuwa nazo, na nyingine zilifika kwetu zimerekodiwa ndani ya sinema kwa kamera, hata ukaona kichwa cha mtu anayeinuka kwenda msalani. Wateja wangu walikuwa watu wa heshima: walimu, mawakili, na maalim mmoja aliyependa za vita vya upanga na kuzibeba ndani ya mfuko wa kitunguu.

Ikumbukwe Mombasa ya mwaka ule ilikuwaje. Ile meli ya Faina, iliyotekwa na maharamia wa Kisomali Septemba 2008 ikiwa na vifaru 33 vya vita tumboni, ilikuwa imeingia Kilindini Februari, baada ya dola milioni 3.2 kudondoshwa kutoka angani. Aprili ikatekwa Maersk Alabama, ikija kwetu na chakula cha msaada. Waandishi wa habari wa kizungu wakajaa mjini, kila mmoja anatafuta haramia wa kumhoji. Mahakamani nako wakiletwa Wasomali waliokamatwa na manowari za Ulaya na Marekani, maana Kenya ilikubali kuwashitaki hapa. Neno "maharamia" lilikuwa redioni asubuhi, mchana na kabla ya taarifa ya vifo.

Wiki hiyo hiyo ya Alabama kupita, wakaja wanaume wanne dukani. Nikadhani wateja. Mmoja akachukua diski, akaigeuza, akaniuliza stika ya hakimiliki iko wapi. Nikamwambia stika zimeisha, labda Jumatatu. Tajiri, ambaye kwa bahati mbaya yake siku hiyo alikuja mapema, alitoka kwa mlango wa nyuma kwa kasi ambayo mzee wa kisukari hatakiwi kuwa nayo.

"Kijana, unajua kosa lako?"

"Sijui, afande."

"Uharamia."

Wallahi nilitaka kucheka. Nikaona wenzake hawacheki.

Kituoni nikaruhusiwa simu moja. Salio langu lilikuwa shilingi nne. Mama akapokea, nikasema haraka haraka: "Mama, nimeshikwa, wanasema ni uharamia, mwambie Mjomba aje na—" Simu ikakatika.

Hebu jiwekeni mahali pake. Mama mjane, amekaa na sinia la mchele anachagua mawe, redio inasema manowari imenasa maharamia wengine, na mwanawe wa pekee anapiga kusema yumo. Sinia lilikwenda upande wake na mchele upande wake. Ukemi alioupiga, nimehadithiwa, ulifika Mtongwe. Kufika alasiri nyumba imejaa kama matanga, na kwenye baraza ya nje wanaume wameshaanza kuichambua kesi.

Mjomba wangu ni baharia mstaafu, alizunguka na meli za Wagiriki miaka mingi, akawaeleza maharamia wanavyofanya kazi: vidau viwili vitatu vya mashine, ngazi yenye ndoano, na bunduki. Akaeleza jinsi meli nyingine zinavyozungusha seng'enge pembeni, na kusimamisha masanamu yaliyovishwa ovaroli, ili kwa mbali yaonekane ni walinzi.

"Basi pengine yeye ndiye aliyekuwa sanamu," mzee mmoja akasema.

"Hata usanamu hawezi," Nyanya akajibu kutoka ndani. "Angetapika."

Nyanya peke yake ndiye aliyekuwa na shaka tangu mwanzo. Wengine wote, haya, waliamini! Watu walionijua tangu sijaota meno. Jirani yetu Msomali, anayeuza maziwa ya ngamia na mapazia, alikuja kumpa Mama pole, akatikisa kichwa. "Miaka kumi na minane niko hapa," akasema, "hakuna hata siku moja mtu kuniuliza kama nataka hiyo kazi. Mtoto wa Kidigo kaipata!" Kisha akawaambia kwao watu wale huitwa *burcad badeed*, majambazi wa baharini, ijapokuwa wenyewe hujiita walinzi wa pwani, kwa kuwa baada ya serikali kuanguka mwaka 1991 meli za kigeni zilikuwa zikija kuwamalizia samaki. Baraza ikazingatia hilo. Magharibi ilipoingia nilikuwa nimepanda cheo: si jambazi tena, ni mlinzi wa samaki.

Mimi huku seli sina habari. Tulikuwa kumi na mmoja, blanketi mbili. Mkubwa wa seli, pande la mtu, akaniuliza nimeletwa na nini. Nikajibu nilivyoandikwa kwenye kitabu: "Uharamia."

Kimya.

Mtu mmoja akasogea nikapata ukuta. Mwingine akanikunjulia blanketi. Mkate ukatoka sijui wapi, nusu nzima. Mkubwa wa seli akanisemesha kwa sauti ya mkwe: "Ndugu, ile ya vifaru na wewe ulikuwepo?"

Nilitakiwa kusema kweli hapo. Lakini blanketi lilikuwa zito, la sufu, na mimi kuchoma filamu miaka miwili kumeniacha na maneno mengi kichwani ambayo sijapata pa kuyapeleka. Nikashusha pumzi. "Kuna mambo siwezi kuyasema," nikasema, halafu nikayasema yote. Nikateka meli tatu usiku ule. Ya kwanza kwa ngazi, ya pili kwa helikopta, ya tatu nilipigana mateke na nahodha juu ya kontena mvua ikinyesha, na mwisho nikagundua kuwa ni baba yangu mzazi aliyepotea. Mwizi mmoja mzee wa mifukoni akaniuliza kama najua Kisomali. Nikamjibu tukiwa kazini tunaongea Kiingereza.

Kwenye saa tano hivi za usiku mlango ukagongwa. "Wewe wa uharamia! Toka, unaitwa na mkubwa!"

Nilisikia nyuma yangu mtu akinong'ona, "Wamarekani hao."

Walikuwa si Wamarekani. Katika ofisi ya mkubwa walikuwa askari watano, televisheni na gunia la diski zangu. Wakaniambia ushahidi lazima ukaguliwe. Walikuwa wanakagua filamu ya Kihindi ya saa tatu, na ilikuwa imekwama dada nyota wa filamu yuko katikati ya machozi. "Hii diski yenu mbovu," mkubwa akanilaumu, amekasirika kikweli. Nikaomba kolgeti. Kwa wasiojua: diski ikikwaruzika unaipaka dawa ya meno kidogo, unafuta taratibu kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, unasuuza. Usizungushe. Nikafuta, nikasuuza, dada akaendelea kulia. Nikapewa chai ya rangi, nikarudishwa.

Seli nzima ilikuwa macho. "Wamekufanya nini?"

"Wamenihoji," nikasema.

"Ukasema?"

"Sikusema neno." Nikalala mahali pazuri kuliko nyumbani.

Alfajiri mlango ukafunguliwa tena, na huyu askari hakuwa na simile. Akapaza sauti: "Yuko wapi yule wa muvi za Kihindi? Mkubwa anasema imekwama tena, pale dada anapoolewa!"

Sikuinuka. Nilijaribu kuwatazama wengine kama kwamba namtafuta na mimi.

"Wewe," akaninyooshea kidole. "Mchuuzi wa sidii. Na ile kolgeti umeiweka wapi?"

Sijui niwaelezeje jinsi blanketi linavyoondoka. Haliondoki kwa nguvu, linaondoka kwa dharau, polepole, kuanzia miguuni. Mkubwa wa seli alinitazama muda mrefu. Nikangoja kofi. Badala yake akaniuliza duka letu ni lipi. Nikamwambia. "Mwembe Tayari, mkabala na anayeuza viatu?" Ndiyo. "Nilinunua kwenu moja mwezi wa Ramadhani, haikucheza kabisa. Nataka hamsini yangu."

Mahakamani tulipelekwa asubuhi. Mjomba naye alikuwa ameshafika, amevaa koti lake la ubaharia, na bahasha ya pesa kifuani. Karani akamuuliza kesi gani.

"Uharamia."

"Uharamia upi, mzee? Wa bahari au wa santuri?"

Mjomba hakujua kama upo wa santuri. Akajibu wa bahari, akaonyeshwa chumba kilichojaa askari wa bunduki na waandishi wa kizungu. Akaketi mstari wa mbele. Wakaletwa vijana wa Kisomali kwa pingu, akawahesabu mmoja mmoja, akawahesabu tena, simo. Akaona wamenificha. Akasimama mbele ya hakimu, na kwa Kiingereza cha Wagiriki akatoa hoja aliyoifikiria usiku kucha: kwamba kwa sheria ya bahari uharamia hutendeka bahari kuu, nje ya maili 12 za nchi, ndani ya hapo ni ujambazi wa kawaida tu, na mpwa wake alishikwa Mwembe Tayari, nchi kavu kabisa, jirani na stendi ya mabasi. Mwandishi mmoja akaandika. Askari wakamsindikiza nje kwa adabu.

Karani akamwambia, "Mzee, ungesema mapema. Wa santuri wako kule nyuma, karibu na choo."

Aliponikuta nimeshakiri, faini elfu tano ama mwezi mmoja ndani. Akafungua bahasha. Ilikuwa na elfu saba na mia tatu, mchango wa mtaa mzima, noti nyingine bado zina harufu ya dagaa. Baadaye Nyanya alipohesabiwa chenji alisema hilo ndilo limemshangaza zaidi. Siku zote amesikia haramia ndiye anayelipwa kikombozi. Hajapata kusikia haramia anakombolewa yeye, tena kwa elfu tano.

Kwenye feri ya kurudi nilitapika, Mjomba akitazama pembeni.

Nilidhani imekwisha. Kumbe uvumi haukupanda feri pamoja na ukweli, wenyewe ulitangulia. Nyumbani nikakuta binamu watatu kutoka Ukunda ambao mara ya mwisho tuliwaona kwenye mazishi ya Baba. Wamekuja kunipa pole, na kuuliza kama zile zilizotupwa kwa parachuti bado zipo. Mwenye nyumba, aliyekuwa akimdai Mama miezi miwili, akasema hana haraka. Na yule mzee wa Mtongwe niliyekuwa nimeposa bintiye kwa mahari ya elfu arobaini akatuma mjumbe: mahari iko pale pale, arobaini, ila sasa ni kwa dola.

Ilituchukua wiki mbili kuwasadikisha watu kwamba mimi ni maskini. Mama alikuwa akiita majirani ndani na kuwaonyesha kabati. Mzee wa Mtongwe akarudi kwenye shilingi, lakini akaongeza elfu kumi, akidai ni za kudhalilishwa. Maalim alinishika kando baada ya Ijumaa, akanieleza kuwa haramia na haramu ni ndugu wa tumbo moja, nikainamisha kichwa. Kisha akaniuliza kama ile sehemu ya tatu ya upanga ilikuwa kwenye gunia. Nikamwambia ilikuwemo. Akasema *inna lillahi*.

Jina la Kapteni limenibakia mpaka leo.

Juni ile ile akapiga simu binamu yangu aliyeolewa Sweden. Mama akaiweka kwa sauti ili tusikie sote. Binamu anacheka hajiwezi: huko kuna uchaguzi wa Bunge la Ulaya, na Chama cha Maharamia, chama halali kilichosajiliwa, kinachotetea watu kugawana filamu na nyimbo kwenye intaneti, kimepata zaidi ya asilimia 7 ya kura na kiti bungeni. Mama akadhani simu ina hitilafu. Binamu akarudia. Maharamia. Kiti. Mshahara wa mbunge.

Tukanyamaza wote. Nyanya akaondoa ugoro mdomoni, akaisogelea simu.

"Hilo bunge lenu," akauliza, "liko kisiwani ama bara?"

"Bara, Nyanya."

"Hakuna feri?"

"Hakuna."

Nyanya akanigeukia. "Pasipoti," akasema, "huchukua siku ngapi?"