Kamera za Malindi na mtindo wa kufungua poti

Nyumba nyingi za ufukweni Malindi, hasa upande wa Casuarina, wenyewe hukaa Italia sehemu kubwa ya mwaka. Ombi lao kwa fundi wa kamera ni moja: nataka nilione geti langu nikiwa Milano. Fundi naye ana dawa yake. Anaingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta kupitia anwani 192.168.1.1, anaelekeza poti 8000 (poti ni mlango wa mtandao wenye namba yake) kwenye mashine ya kurekodi, picha inatokea kwenye simu ya mwenye nyumba, analipwa, anapanda bodaboda anakwenda zake.

Mimi siwalaumu mafundi hawa kama wanavyolaumiwa na watu wa usalama wa mitandao. Kwa kawaida ruta humkataa yeyote wa nje ambaye hakuitwa na kifaa kilicho ndani. Kuelekeza poti ni kumwagiza bawabu kwamba mtu akiulizia mlango huu, mpeleke moja kwa moja, usimhoji. Faida yake ni ya kweli. Hakuna ada ya mwezi, na picha inatoka Malindi hadi kwa mwenyewe bila kupitia seva za kampuni iliyotengeneza kamera. Kampuni hiyo ikifunga huduma yake kesho, kamera bado zinaonekana. Tena wanaorekodiwa humo ni askari wa geti, mpishi, wageni. Ni vizuri sura zao zipite mikono michache, hasa tangu Kenya itunge Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019.

Lakini "usimhoji" hiyo ndiyo yenye balaa. Anayeulizia mlango si lazima awe Mtaliano wako. Tangu 2009 kuna Shodan, mtambo wa kutafuta vifaa vilivyo wazi kwenye intaneti, na programu za kupekua poti hazilali. Kubadilisha 8000 iwe 48000, kama wanavyofanya baadhi ya mafundi, kunapunguza wabisha hodi tu, maana poti zote ni 65,535 na kuzipitia ni kazi ndogo. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera, ruta na mashine za kurekodi kwa kujaribu paswadi za kiwandani kupitia Telnet, njia ya zamani ya kuingia kwenye kifaa kutoka mbali, na Oktoba 21 jeshi hilo la vifaa likaiangusha kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikielekeza majina ya tovuti kwenye anwani zake, Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa wengi. Utasema dawa ni paswadi ngumu. Mwaka 2021 kamera za Hikvision zikakutwa na dosari inayomruhusu mshambuliaji kuingiza amri bila paswadi yoyote. Kiraka cha programu cha kuiziba kilitolewa, ila nani Malindi anarudi kusasisha kamera aliyoifunga mwaka juzi?

Kuna nyumba ambazo mabishano haya hayazihusu. Angalia anwani ambayo ruta imepewa upande wa intaneti: ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mnatumia anwani moja ya nje pamoja na wateja wengine. Vifurushi vya kawaida vya Starlink, intaneti ya satelaiti, ndivyo vilivyo. Hapo fundi ataelekeza poti mpaka adhana ya magharibi, na hakitafunguka kitu.

Njia ya kuskani msimbo ulio kwenye mashine na kupitia seva za mtengenezaji inafanya kazi hata hapo, ila uliza akaunti imesajiliwa kwa barua pepe ya nani. Mara nyingi ni ya fundi.

Penye anwani ya nje ya peke yako, mimi nafuata VPN, yaani njia ya siri iliyofungwa kati ya simu na nyumba. WireGuard, programu mojawapo ya VPN, inahitaji poti moja tu, kwa kawaida 51820, na asiye na ufunguo sahihi hajibiwi hata neno, kwa hiyo mpekuzi haoni kitu. Kero yake ni kuwasha programu nyingine kabla ya kuona geti, na mzee wa miaka sabini atapiga simu usiku kulalamika. Kwa mteja wa namna hiyo, afadhali seva za mtengenezaji kwa akaunti yake mwenyewe kuliko poti 8000 iliyo wazi.

Vyovyote mtakavyochagua, zimeni UPnP kwenye ruta, maana huacha vifaa vijifungulie poti vyenyewe. Na mashine ya kamera ikitolewa, kanuni ya kuelekeza poti yake kwenye ruta ifutwe. Isipofutwa, anwani ya ndani iliyokuwa ya mashine hiyo inaweza kupewa kompyuta ya mhasibu, na wageni wa poti 8000 wakaanza kupelekwa kwake. Ukurasa wa kanuni hizo kwenye ruta ufunguliwe mbele ya mwenye nyumba kabla fundi hajalipwa salio.