Mawe hai au mawe makavu? Tuupime huu ubishi wa tangi la matumbawe

Ukitaka kuanzisha tangi la maji chumvi la kufugia matumbawe, kabla hata hujafika kwenye taa na pampu na samaki gani uwaweke, kuna swali utakutana nalo na watu wamegawanyika kabisa: mawe utaweka yapi. Kuna wanaosema weka mawe hai, yaani mawe ya chokaa yaliyokaa baharini, yamejaa bakteria na viumbe wadogo, na yanasafirishwa yakiwa na unyevu ili viumbe hao wasife. Wengine wanasema achana nayo, chukua mawe makavu, hayana kitu ndani, masafi, anza upya. Na siku hizi hawa wa pili ndo wameshika usukani, mtu mgeni akiuliza anajibiwa "makavu tu, wadudu wa nini", basi, hakuna maelezo. Mimi naona jibu hilo ni fupi mno kwa swali zito kama hili, na limewafanya watu waache ufugaji mwezi wa nne au wa tano wakidhani hawana mkono wa hii kazi, kumbe shida ilianza siku ile waliyopanga mawe.

Kwanza tuelewane kwa nini mawe yana uzito huo. Samaki anatoa amonia, nyingi inapitia kwenye mashavu yake, na chakula kinachobaki kikioza kinatoa amonia pia, na amonia inaua. Bakteria wanaokaa juu ya mawe wanaigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo si nzuri, halafu wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati ambayo ina unafuu mkubwa. Ndani zaidi ya jiwe, kwenye vitundu ambako oksijeni haifiki vizuri, kuna bakteria wa aina nyingine wanaochukua ile nitrati na kuigeuza gesi ya naitrojeni ikatoka kwenye maji. Kwa hiyo jiwe ndo chujio lenyewe. Mfugaji mmoja wa Jakarta, Lee Chin Eng, aliandika kuhusu hili mwaka 1961, alikuwa anafuga kwa kutumia mawe hai, viputo vya hewa na mwanga wa jua, na baadaye wafugaji wa Ujerumani wakaja na njia iliyoitwa ya Berlin: mawe hai mengi, skima ya kutoa uchafu kwa povu, taa kali na maji ya chokaa kwa ajili ya kalsiamu. Kanuni ya zamani ilikuwa kilo moja ya jiwe kwa kila lita 8 hivi za maji, siku hizi watu wanaweka kidogo kuliko hapo ili maji yapate nafasi ya kuzunguka.

Sasa, utamu wa jiwe hai. Likifika bila kukaa nje ya maji muda mrefu linakuja na jamii nzima iliyokwisha kuzoeana. Kuna bakteria wa juu na wa ndani, kuna kopepodi, vijidudu vidogo sana vya majini ambavyo ni chakula cha samaki wadogo, kuna sponji zinazochuja maji, kuna minyoo inayokula mabaki kwenye nyufa ambazo mkono wako hauingii kamwe, na kuna ule mwani mgumu wa chokaa, wa zambarau na waridi, unaolifunika jiwe kama rangi ya ukutani. Huo mwani wengi wanauona ni urembo tu, lakini kazi yake kubwa ni kushika nafasi, manake sehemu ya jiwe iliyokwisha kukaliwa si rahisi mwani mbaya kuota juu yake, na ukielewa hilo la nafasi umeelewa karibu nusu ya ubishi wote huu.

Ila jiwe hai lina madeni yake na si madogo. Likikaa kwenye boksi siku mbili tatu safarini, sponji zinakufa, ukilifungua ni harufu ya uozo, na ukilitumbukiza moja kwa moja kwenye tangi amonia inapanda mpaka unaogopa. Inabidi ulitunze pembeni kwenye chombo chake, na pampu na hita, unabadilisha maji mpaka amonia isome sifuri, inaweza kuchukua wiki kadhaa, kwa hiyo ile hoja kwamba jiwe hai linakuokolea muda ni kweli kwa jiwe lililosafiri vizuri tu.

Halafu wageni. Aiptasia ndo maarufu zaidi, anemoni mdogo wa kahawia, mwili unaona ndani kidogo, ukimsogezea kidole anajivuta ndani ya tundu akapotea kabisa. Ukimkwangua, kipande cha mguu kikibaki kwenye jiwe kinaota anemoni mpya, na vipande vilivyoelea vinaota kwingine, kwa hiyo mtu anayemshambulia kwa hasira ndo anayemzalisha. Kuna kamba wadogo wa jenasi ya Lysmata ambao wanamla, wengine wanamla vizuri wengine wanamwangalia tu, na kuna konokono asiye na gamba anayeitwa Berghia ambaye chakula chake ni aiptasia peke yake, akimaliza anakufa njaa. Yupo pia kamba anayeitwa mantisi mwenye mikono ya kugonga, usiku unasikia tak, tak, asubuhi unakuta gamba la konokono limepasuliwa. Na kuna kitu hakionekani kwa macho, vimelea vya Cryptocaryon vinavyowapa samaki madoa meupe, hatua yao moja inajigandisha kwenye mawe, ndiyo maana wafugaji wengi wakiwa na wasiwasi wanaliacha tangi siku 76 bila samaki hata mmoja ili vimelea vikose pa kuishi.

Hapa niseme jambo moja kwa nguvu. Kuna watu wakishaona wageni hao wanaamua kulichemsha jiwe. Usifanye hivyo hata siku moja. Baadhi ya matumbawe laini ya jamii ya Palythoa yana sumu inayoitwa palitoksini, ni kati ya sumu kali kabisa zinazojulikana za asili, na maji ya moto wala hayaimalizi, ule mvuke unaibeba mpaka kwenye mapafu. Familia nzima zimeishia hospitali kwa jambo hili. Hata kusugua jiwe kavukavu nje ya maji bila glavu na miwani ni hatari hiyohiyo.

Upande wa mawe makavu, faida zake zipo na nazikubali. Unapanga ukiwa na muda wako, mezani, bila maji, unagundisha kwa simenti maalumu au gundi, ukiona haijakaa vizuri unabomoa na kuanza tena, hakuna kinachokufa ukichelewa. Jiwe hai huwezi kulifanyia hivyo, kila dakika nje ya maji ina hasara. Halafu siku ya kwanza unajua kabisa kilichomo: hakuna. Unaweka maji yenye chumvi gramu 35 kwa lita, joto nyuzi 25 au 26, unatia bakteria wa chupa, unatia amonia mpaka isome miligramu 2 kwa lita, na unasubiri mpaka siku ifike ambapo kiasi hicho cha amonia kinaisha chote ndani ya saa 24 na nitriti nayo haipo. Kwa kawaida ni wiki nne mpaka sita.

Na hapo ndipo kosa lilipo. Mtu anaona vipimo vimekaa sawa anasema tangi limeiva, anakwenda kutafuta matumbawe. Lakini kile kipimo kimekuambia jambo moja tu, kwamba kuna bakteria wa kutosha kula amonia. Hakijakuambia kwamba mawe yako bado ni uwanja mtupu, kila sentimita inasubiri wa kuikalia, na wanaowahi kufika kwenye uwanja mtupu huwa si wale unaowataka. Kwanza unakuja utando wa kahawia wa daiatomu, huo hauna shida, unaisha wenyewe. Halafu mwani wa nyuzinyuzi. Halafu saiano, ule utando mwekundu unaobanduka kama kipande kizima. Na kwa wengine, mwishoni, wanakuja dino, yaani dinoflajelati.

Hawa dino ni viumbe wa chembe moja na wakipata tangi lisilo na wapinzani wanalitawala. Asubuhi taa zikiwaka mchanga unaonekana msafi, unashukuru, mchana umeshafunikwa na kamasi ya kahawia yenye nyuzi ndefu zinazocheza na mkondo, na kwenye ncha ya kila uzi kuna kiputo cha hewa. Usiku inapungua tena, kesho yake imerudi. Konokono wakiila baadhi yao wanakufa. Na kinachouma ni kwamba mara nyingi wanampata mfugaji msafi, anayebadilisha maji kila wiki, anayelisha kidogo, skima inatoa kila kitu, mpaka nitrati na fosfati zinasoma sifuri, na sifuri hiyo ndo dino wanaipenda kwa sababu mwani mwingine na bakteria wengine wanakosa chakula na kuwaachia uwanja. Jiwe kavu linalisukuma tangi huko huko, manake chokaa mpya inanyonya fosfati kutoka kwenye maji, wewe unalisha samaki na kipimo bado kinasoma hakuna kitu. Kuna na kinyume chake, mawe makavu ambayo ni mwamba wa zamani uliokaushwa na viumbe vyake ndani, hayo yanaachia fosfati taratibu kwa miezi na mwani hauishi hata ufanye nini. Kwa hiyo neno "safi" linalotumika kuyanadi haya mawe lina walakini.

Tena ile hoja ya kutokuwa na wadudu inadumu mpaka tumbawe la kwanza tu. Kila kipande cha tumbawe unachoingiza kinakuja kimegandishwa kwenye kijiwe chake, na aiptasia na minyoo bapa wanapanda hapohapo. Kama huna utaratibu wa kukiogesha kwa dawa na kukitenga pembeni kwanza, mawe yako makavu hayajakulinda na chochote, umechelewesha tu.

Tuje kwenye bahari, ambapo kwa kweli upande wa mawe makavu wana hoja yao nzito kuliko zote. Jiwe la mwambani ni nyumba ya viumbe na mwamba unajengeka polepole mno, ukilibeba kwa ajili ya sebule ya mtu umebomoa kitu ambacho hakitarudi katika umri wako. Ndiyo maana matumbawe magumu yako kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe pori walio hatarini, na biashara ya kimataifa ya mawe hai inaingia humo humo, inahitaji vibali. Florida uvunaji wa mawe hai kutoka baharini ulifungwa kabisa miaka ya 1990, na kilichofuata hapo ndicho kinachonipa moyo: wafugaji wanachukua mawe ya chokaa ya machimbo ya nchi kavu, wanayashusha chini ya bahari kwenye eneo walilopewa kisheria, wanayaacha mwaka au zaidi, halafu wanayavuna yakiwa hai. Jiwe hai kamili na hakuna mwamba uliovunjwa.

Lakini na wao wa mawe makavu wahesabu hesabu yote. Matumbawe mengi yanayouzwa bado yanatoka baharini, samaki nao vilevile, na wakifa kumi kwenye tangi tupu lisilotulia, hao nao ni sehemu ya gharama kwa bahari. Huwezi kujisifu kwamba hukugusa mwamba huku unanunua tumbawe lingine kila mwezi kuziba pengo la lililokufa. Kwangu mimi hili linapunguza sana ule utakatifu wa mawe makavu.

Kwa hiyo mimi nasimama wapi. Jiwe lililong'olewa mwambani sitalipendekeza kwa mtu yeyote. Zaidi ya hapo inategemea ukubwa wa tangi na unataka kufuga nini. Tangi dogo la lita 60 linahitaji mawe machache tu, hayo weka hai yote, yaliyofugwa kama yale ya Florida, unaweza kuyakagua moja moja usiku kwa tochi yenye mwanga mwekundu, na tangi dogo ndo linalohitaji zaidi viumbe wa kusaidia kwa sababu maji kidogo yanabadilika haraka. Tangi la lita 400, jenga na makavu, halafu sehemu ya kumi hivi ya mawe iwe hai, ama ya kufugwa ama kutoka kwenye tangi la mtu unayemwamini lililokaa miaka bila ugonjwa. Hicho kiasi kidogo kaa nacho kwenye ndoo yenye hita na pampu wiki kadhaa ukiangalia kinachojitokeza, kisha ndo kiingie. Bakteria na kopepodi watasambaa wenyewe, unachowapa wewe ni muda na chakula. Na kama ndoto yako ni samaki anayeishi kwa kula kopepodi siku nzima kama mandarini, mawe makavu peke yake usahau kwa mwaka wa kwanza.

Na wewe ambaye tayari una mawe makavu na sasa hivi kamasi ya kahawia imeshafunika mchanga, usilivunje tangi. Acha kwanza kubadilisha maji kwa fujo, ongeza chakula kidogo, punguza skima, pandisha nitrati mpaka miligramu 5 au 10 kwa lita na fosfati karibu na 0.1, huku alkalini (uwezo wa maji kuzuia asidi) ukiishikilia palepale ilipo bila kuyumba. Tafuta darubini hata ya bei ndogo uangalie ni dino gani, wale wa Ostreopsis wanaelea majini usiku kwa hiyo taa ya UV, ile ya mionzi inayopitishiwa maji, inawapunguza sana, wale wa Amphidinium wanabaki mchangani na UV haiwafikii. Halafu omba kikombe kimoja cha mchanga na kijiwe kimoja kutoka kwenye tangi la zamani la mtu, na matumbawe mapya yasubiri kwanza mpaka uone zambarau ya kwanza ya ule mwani wa chokaa kwenye mawe yako.