Kabla ya kuongeza farasi, kagua breki

Siku niliyoitoa Pontiac LeMans yangu ya 1966 gerejini kwa mara ya kwanza, injini iliwaka mara moja tu nilipozungusha ufunguo. Mngurumo mzito, moshi kidogo, nikajiona mfalme. Nikaanza kurudi nyuma polepole kwenye kimteremko cha mbele ya nyumba, nikakanyaga breki, pedeli ikazama hadi sakafuni kama nakanyaga hewa. Kilichoniokoa ni breki ya maegesho, ile pedeli ndogo ya upande wa kushoto ambayo hata sikuwa na hakika kama inafanya kazi. Nilipoingia uvunguni nikakuta hozi ya gurudumu moja la mbele imepasuka. Hozi moja tu, na breki zote nne zimekwenda nayo.

Ndivyo gari lile lilivyoundwa. Masta silinda yake, yaani pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedeli, ina chumba kimoja cha mafuta kinachohudumia magurudumu yote, kwa hiyo pakivuja popote umekosa kila kitu. General Motors, kampuni mama ya Pontiac, walikuja kuweka masta ya vyumba viwili, kimoja cha mbele na kingine cha nyuma, kwenye magari ya mwaka wa 1967. Langu limeukosa mpango huo kwa mwaka mmoja.

Tangu siku hiyo nina msimamo usiowafurahisha wenzangu wanaopenda hizi V8 za zamani, gari za injini ya silinda nane, zile Wamarekani wanazoziita magari ya misuli: ukilifufua gari la namna hii nyumbani, usinunue chochote cha kuongeza nguvu hadi lisimame vizuri. Kabureta kubwa isubiri. Kamshafti isubiri. Hata rangi isubiri.

Tatizo lenyewe ni la kuzaliwa nalo. Pontiac GTO ya 1964, ambayo wengi huihesabu kuwa ndiyo iliyofungua enzi hiyo, ilipatikana kwa kuchukua injini ya inchi za ujazo 389, yaani lita 6.4, kutoka kwenye magari makubwa ya kampuni na kuisokomeza kwenye Tempest, gari la ukubwa wa kati. Kanuni ya ndani ya General Motors ilikataza magari ya ukubwa huo kuwekewa injini inayozidi inchi za ujazo 330. Wajanja wa Pontiac wakaipitia pembeni: GTO haikutangazwa kama gari jipya, ilikuwa nyongeza ya chini ya dola 300 ambayo mteja anaiagiza juu ya Tempest yake. Nguvu za farasi 325. Na breki? Dramu nne, yaani ngoma za chuma zinazozunguka na magurudumu, za inchi tisa na nusu, zilezile za gari la kupeleka watoto shule.

Dramu si mbaya kwa kusimama mara moja. Shida ni joto. Ikishika moto hutanuka, ikazidi kukaa mbali na breki shuu zinazoibana kutoka ndani, na pedeli inaanza kushuka. Ukifunga breki mara tatu nne mfululizo kutoka mwendo wa kasi, utauona mguu wako unafuata sakafu. Na ukizidisha mwendo mara mbili, joto ambalo breki inapaswa kulimeza linazidi mara nne. Sasa mtu anaongeza farasi mia juu ya hapo, halafu anajisifu.

(Hao farasi wenyewe wana maneno mengi. Hadi 1971 viwanda vya Marekani vilipima injini ikiwa imevuliwa karibu kila kitu: haina feni, haina alteneta, haina saelensa ya gari. Kuanzia magari ya 1972 wakaanza kutangaza nguvu ya injini iliyovaa vitu vyake vyote, na tarakimu zikaporomoka. Kwa hiyo anayelinganisha farasi 325 wa 1964 na farasi wa gari la leo analinganisha vitu viwili tofauti.)

Mimi niliweka breki za diski mbele, zile za sahani ya chuma inayobanwa na pedi pande zote mbili, nikaacha dramu nyuma, nikabadilisha masta iwe ya vyumba viwili. Kazi ya wikendi mbili, niliyoifanya kwa wikendi tano. Kosa la kwanza lilikuwa ubahili: nilitaka kubaki na masta ya zamani, nikidhani mafuta ni mafuta. Ndani ya masta ya dramu mna kivali kinachobakiza presha kidogo kwenye bomba hata ukiachia pedeli. Dramu inaihitaji presha hiyo. Diski haina springi ya kurudisha pedi, kwa hiyo presha hiyohiyo inazifanya pedi ziendelee kusugua mpaka diski inanuka. Nilisukuma gari kwa mkono likagoma kusogea, nikadhani giaboksi imekwama.

Kosa la pili linachekesha zaidi. Nilimaliza kufunga kila kitu, nikatoa upepo kwenye breki, nikaifuta kalipa mpya, kile kibanio cha pedi, kwa kitambaa kama kikombe cha ushindi, kisha nikavalisha ringi langu la zamani la inchi 14. Likagonga kalipa, halikuzunguka hata robo. Kama unapanga kazi hii, pima ringi kabla hujalipa senti.

Mambo mawili hayana mzaha. Springi ya mbele ikiwa imebanwa ina nguvu ya kuua, na kama huna kifaa sahihi cha kuibana, hiyo ni kazi ya kumlipa fundi. La pili ni vumbi la ndani ya dramu za zamani: breki shuu za miaka hiyo zilikuwa na asbesto, kwa hiyo usipulize kwa kompresa hata siku moja. Lowesha, futa, tia kitambaa kwenye mfuko na ufunge.

Kuna wanaoshikilia uasili watakaosema nimeharibu gari. Nawaelewa, ila hoja yao naikubali pale tu penye kukata. Anayekata chesisi ili aingize injini ya kisasa, mathalani ile LS iliyoanza na Corvette ya 1997, hawezi kurudi alikotoka. Mimi sikukata wala kuchomelea kitu. Dramu, masta na mabomba ya zamani yamo ndani ya sanduku, kila boliti kwenye mfuko wake wenye jina. Mwenye gari baada yangu akitaka kuhatarisha maisha yake kwa mujibu wa kiwanda, vifaa anavyo.

Injini bado ni ileile ya inchi 326, na kabureta yake ya midomo miwili. Nimebadilisha mipira ya petroli tu, kwa kuwa ile ya zamani haistahimili ethanoli iliyomo kwenye petroli ya siku hizi, na ilishaanza kulowa juu ya injini ya moto. Jana jirani alikuja, akaegemea boneti, akaniuliza lina farasi wangapi. Nikampa ufunguo, nikamwambia aliendeshe hadi mwisho wa mtaa na afunge breki kwa nguvu. Alirudi ananiuliza masta inauzwa wapi.