Kometi ya 1680: Heshima Tumpe Nani?

Mnamo Novemba 1680, Gottfried Kirch, akiwa Coburg nchini Ujerumani, aliona kwa darubini yake nyota yenye mkia ambayo hakuna aliyeitangaza kabla yake. Haikuwahi kutokea kometi ikagunduliwa kwa darubini. Baada ya wiki chache hata asiye na darubini aliiona, ikielekea jua alfajiri hadi ikamezwa na mwanga wake. Desemba, jioni, ukachomoza mkia mrefu ajabu upande wa pili.

Je, ilikuwa ileile? Wengi walihesabu mbili. John Flamsteed, mwanafalaki wa mfalme pale Greenwich, alisema ni moja: imekwenda kwenye jua, imegeuka, imerudi. Isaac Newton alimpinga.

Ni rahisi leo kumlaumu Newton, lakini pingamizi lake lilikuwa na uzito. Wakati ule wanafalaki wengi waliamini kometi husafiri kwa mstari ulionyooka au unaokaribia kunyooka, na hapa mtu anadai kwamba moja imepinda kona kali kuliko zote. Tena Flamsteed alieleza kwamba jua liliivuta kometi kama sumaku kisha likaisukuma, nayo ikageukia mbele ya jua, upande wetu, bila kulizunguka. Newton akajibu kwamba sumaku ikipashwa moto hadi kuwa nyekundu hupoteza nguvu, sembuse jua! Tena kama kona ipo, basi kometi ilipita nyuma ya jua. Katika yote mawili Newton alikuwa sahihi.

Hapo ndipo ninapoona ugumu wa kugawa heshima. Flamsteed alipata jibu kwa sababu mbovu. Newton alikuwa na sababu nzuri zilizomfikisha kwenye jibu potofu. Anayesema sayansi ni maelezo, si kubahatisha, atampa Newton, na ana haki: kufikia 1685 alikubali kwamba kometi ni moja, na katika kitabu chake Principia cha 1687 akaonyesha njia yake kuwa parabola, yaani mkunjo usiojifunga, ikiongozwa na mvutano uleule unaozishika sayari. Ilipita chini ya kilomita milioni 1 kutoka kitovu cha jua. Ule mkunjo uliomtia shaka ukawa ushahidi wake mkubwa.

Hata hivyo mimi naegemea kwa Flamsteed. Hakubahatisha. Aliamini alichokiona angani kuliko kanuni iliyozoeleka, akatarajia kometi irudi, akaivizia, akaipima usiku baada ya usiku. Bila vipimo vile Newton angekosa cha kukokotoa, na yeye mwenyewe alivinukuu kitabuni kwa jina la Flamsteed. Lakini tafuta leo majina ya kometi ile: utakuta Kometi ya Kirch, utakuta Kometi ya Newton.