Sisi kwa fundi hatuhitimu

Jana kwa karakana yetu hapa Hamburg kulikuwa na keki. Wazee wenye ndevu nyeupe wamezunguka kabati dogo la mwaloni, wanafungua droo wanafunga, wanapitisha kidole kwa pembe. Kumbe ni yule binti mwanagenzi wetu kapita mtihani. Huku useremala ni miaka 3, mwishoni wajenga kitu chako mwenyewe, wanakiita Gesellenstück, wakaguzi wanakipima, basi, kuanzia siku hiyo wewe ni fundi. Nikala keki lakini haikushuka.

Mimi kwa fundi wangu Majengo, kule Mombasa, nilikaa miaka sita. Au saba, hata sijui nihesabu kutoka wapi, maana hakuna siku aliyonambia leo umeanza wala leo umemaliza. Kwanza nilifagia maranda na kutumwa mahamri kwa mbaazi. Halafu nikapewa msasa, mwaka mzima msasa. Patasi niliishika siku fundi kaenda kuzika Likoni. Na ile pembe ya fremu, ulimi uingie kwa tundu usitikisike hata kabla ya gundi, hiyo niliiba kwa macho, kwa sababu kila akifika hapo ananituma maji. Nyinyi mliopita karakana mnayajua hayo maji.

Najua mshaanza. "Kala viazi vya Wajerumani miaka miwili ashakuwa Mzungu." Tulieni yakhe. Sisemi wanatushinda akili. Zamani zao zilikuwa kama zetu, tena mbaya, mtoto alilala kwa bwana wake, anapigwa, na mzazi ndiye alipaye, mpaka leo mtu akifunzwa na kosa lake wanasema kalipa Lehrgeld, yaani ada ya uanagenzi. Waingereza mwaka 1563 walitunga sheria kabisa, miaka 7 chini ya fundi. Saba ni mingi lakini yahesabika! Na siku hizi huku kuna mkataba, mwanagenzi analipwa, siku moja mbili za wiki yuko shule ya ufundi, na sheria yao ya 1969 inamlazimu tajiri amfundishe kazi si amfagilishe.

Mikono lakini tunayo, wallahi. Binti huyo kunoa msumeno kwa tupa hajui. Nilimnolea mmoja mbele yake, nasikiliza sauti ya tupa tu, bosi mwenyewe akaacha simu akaja kutazama. Siku hiyo nilijiona mfalme. Mwisho wa mwezi mshahara ni ule ule wa msaidizi, karatasi sina. Kuna ofisi ilishaniuliza ulijifunza kwa nani, kutoka lini mpaka lini. Kwa "mpaka lini" nikakwama.

Mtu atanambia si NITA ipo, ile mamlaka ya Kenya ya mafunzo ya viwanda, ungefanya mtihani wao wa ufundi wa gredi 3. Ipo, sikatai, na sasa hata ujuzi wa mtaani wanautambua. Lakini kwa karakana nani angenipeleka? Fundi ajua nikipata karatasi nitafungua mkabala na yeye. Mungu amrehemu, simsemi vibaya, naye alitumwa maji na fundi wake.

Kinachonikera si kitu cha kuja kujifunza Ulaya hiki. Fundi na kufundwa si neno moja? Mwari akifundwa ana siku yake ya kutolewa nje, mtaa mzima waona. Mtoto wa chuo akimaliza Kurani yapikwa pilau, anavikwa kanzu mpya, anaambiwa kahitimu. Kijana wa seremala hata chai ya rangi hapewi, ana ndevu ana watoto wawili bado ni "yule kijana wa fundi", na siku akichoka kimya kimya akahama, anaitwa msaliti.

Leo asubuhi nimempigia mtoto wa dada yangu, yuko kwa fundi wa madirisha ya alumini Kongowea. Una muda gani hapo? Akacheka, "Sijui mjomba, tangu kabla ya korona." Na fundi kasema utamaliza lini? Kimya. Nyuma nasikia kelele za mashine na mtu anaita.

"Ngoja mjomba, natumwa."