Ameniibia Engo, Ati!

Jumamosi iliyopita tulikaa kikao cha wapiga picha, watu kama kumi na watano, dele la kahawa katikati na kashata pembeni, kila mmoja akitoa kazi yake ionwe. Kijana mmoja, mara yake ya kwanza kuja, akatoa picha ya Fort Jesus, ile ngome yetu ya Mombasa. Kaipiga kutoka English Point, ng'ambo ya maji, asubuhi, ukuta umeiva rangi ya bizari, na mtumbwi mmoja unapita chini yake. Picha imetulia. Hatujaanza hata kumsifu, mkongwe wetu mmoja, mwenye lenzi ndefu kama bomba la kisima, akaguna: "Engo yangu hiyo. Mimi niliipiga 2016. Ameniibia engo, ati!"

Watu wakacheka. Kijana akairudisha simu mfukoni na hakusema tena mpaka kikao kinavunjika. Mimi nami nikanywa kahawa yangu kimya, na ndiyo sababu naandika hapa yale niliyopaswa kuyasema pale.

Engo yako vipi, bwana? Ngome imeangalia bahari, na bahari iko mashariki. Jua likichomoza, saa 12 na nusu hivi, laipiga usoni moja kwa moja. Ukitaka kuuona uso huo wote umewaka, ama uwe majini ama uvuke ng'ambo, na ng'ambo penye pa kusimama ukajaa vizuri ni pale pale. Ukienda jioni jua limeshashuka nyuma ya Mji wa Kale, unapata kivuli cheusi na minara. Basi. Hapo hakuna ubunifu wa mtu, kuna mpango wa Mungu na uvivu wa wanadamu kutotaka kulowa. Wewe hukuivumbua engo. Ulishuka tu kwenye tuktuk mahali ambapo kila mtu hushuka.

Na tukianza kuhesabiana nani alitangulia, wewe na 2016 yako mtakaa nyuma sana kwenye foleni. Wareno walianza kuijenga ngome 1593, na kufikia 1635 Mreno mmoja, Pedro Barreto de Resende, alishaichora ramani yake, kisiwa na ngome yake. Mwanzo wa karne ya 20 studio za Wagoa zilikuwa zinauza kadi za posta za Mombasa: Ndia Kuu, ule mtaa mkuu wa Mji wa Kale, bandari, ngome, na vile vigari vya reli vilivyokuwa vikisukumwa na watu kutoka mjini hadi Kilindini. Zitazame zile kadi. Mtaa umeshikwa kutoka kati, nyumba pande zote mbili, roshani zimening'inia, njia inapinda inapotelea. Ni picha ile ile uliyoitundika ukutani kwako ukaandika chini "sanaa". Aliyeipiga kwa kioo na dawa amelala kaburini kwake, wala hajaja kukudai.

Ya droni nisiseme mengi. Watu waliirusha wakatangaza kwamba ngome ina umbo la mtu, kichwa baharini, mikono na miguu imetanuka. Hongera. Giovanni Battista Cairati, Mtaliano aliyeisanifu ngome, aliliona umbo hilo kwenye karatasi yake zaidi ya miaka 400 iliyopita, bila betri.

Haya, nikubali moja, kwa shingo upande. Wizi upo. Kuna wanaochukua faili ya mwenzao, wanakata kona yenye jina, wanaiuzia hoteli. Huo ni wizi, na Sheria ya Hakimiliki ya 2001 ipo kwa ajili yao. Lakini sheria hiyo inalinda picha yako. Hailindi jua, hailindi ukuta, wala haikulindii nafasi yako ya kusimama kama vile umelipia kiwanja. Na wale wanaobandika mbingu ya zambarau juu ya Mombasa, mbingu ambayo hata kaskazi ikivuma miezi mitatu hatujawahi kuiona, hao angalau hawajamwibia mtu. Mbingu kama hiyo haina mwenyewe.

Mimi kinachonichosha katika picha zetu si kwamba zote ni za mahali pamoja. Ni kwamba zote hazina watu. Tumeufanya Mji wa Kale kama umehamwa. Mlango wa nakshi, umefungwa. Kichochoro, kitupu. Baraza, imefagiliwa. Akitokea mtu ni mmoja, amevaa buibui, amegeuza mgongo, na nyinyi nyote mnajua kwamba mara nyingi ni binamu ya mpiga picha aliyeambiwa atembee polepole.

Nasema kwa sababu nimefanya. Miaka ile nimenunua kamera yangu ya kwanza kulikuwa na mlango mmoja nyuma ya Ndia Kuu nilioutaka sana, misumari ya shaba, nakshi za maua hadi juu. Tatizo langu lilikuwa mzee mmoja aliyekuwa akikaa hapo barazani kutoka alasiri hadi adhana ya magharibi. Nikaenda mara tatu namkuta. Ya nne nikajipa moyo.

"Masalkheri, ami."

"Aheri, mwanangu."

Nikamwomba kwa adabu zote asogee kidogo, nataka kuupiga mlango. Akaniangalia, akauangalia mlango. "Kwani mlango huu hujifungua wenyewe?"

Lakini alisogea. Alijikokota na fimbo yake hadi baraza ya jirani, nami nikapiga kama picha arobaini, mlango peke yake, safi. Nilijiona nimefika.

Alipofariki, binti yake alinitafuta. Alikuwa amesikia kuna kijana alikuwa akija kupiga picha pale kwao, akauliza kama ninayo moja ya babake. Nilikesha na ile kompyuta. Arobaini za mlango. Katika moja tu, ile ya kwanza niliyobofya kabla hajamaliza kusogea, kuna kiwiko cha kanzu kwenye ukingo wa kushoto na ncha ya fimbo. Nyingine zote nilikuwa nimehakikisha hayumo. Nikaisafisha ile nikampelekea, sikujua nimwambie nini. Akaishika muda mrefu, akasema, "Ndiye. Kanzu yake hiyo ya Ijumaa."

Tuendelee.

Kikao kilipovunjika nilipanda tuktuk moja na yule kijana, njia yetu ni moja kuvuka Nyali. Nikamuuliza habari za ule mtumbwi, alibahatishaje ukapita palepale, kwa saa ile. Akaniambia hakubahatisha. Mle mtumbwini ni mjomba wake. Hutega nyavu usiku na hurudi na maji ya alfajiri, na saa yake ya kupita hubadilika kila siku kufuata maji yanavyojaa na kupwa. Bamvua, maji yakijaa sana, anapita mapema asichukuliwe na mkondo; maji mafu, yakijaa kidogo, anajikawiza. Kijana alisimama pale asubuhi sita. Siku mbili mjomba alipita bado giza. Siku moja aliwahi kufika, kijana akawa ndiyo kwanza anashuka kwenye tuktuk. Ya sita ndiyo hiyo tuliyoicheka.

Kule kikaoni hakuna aliyemuuliza, nami nikiwemo. Mkongwe wetu aliona ngome, akaona engo, akakumbuka mwaka.

"Mjomba mwenyewe umemwonyesha?" nikamuuliza.

"Nimemwonyesha. Hakuipenda."

"Kwa nini?"

"Asema ametoka mdogo sana, na ile fulana yake mpya haionekani. Ataka nikampige tena, nimkaribie."