Mpigaji wa kushoto mbele ya mrushaji wa kushoto: apangwe au apumzishwe?

Majira ya joto ya Marekani, mechi ya besiboli ya New York inayoanza saa 1 jioni kwao huanza saa 8 usiku hapa Dodoma, na wanaokesha kuitazama hurudia ubishi uleule. Mrushaji wa leo ni wa mkono wa kushoto, na kocha amemweka benchi mpigaji wake hodari wa kushoto, yaani anayepiga akisimama upande wa kushoto. Wengine husema takwimu zinamuunga mkono kocha. Wengine husema takwimu zenyewe ni chache mno kumkalisha mtu. Wote wana hoja, ila wanazungumzia namba mbili tofauti.

Namba ya kwanza ni ya wapigaji wote kwa pamoja, na hiyo ni imara. Mrushaji wa kushoto akimrushia mpigaji wa kushoto, mpira hutokea upande wa mgongo wa mpigaji, kisha slaida, mpira unaopinda pembeni, hukata ikimkimbia. Kipimo kizuri hapa ni wOBA, kinacholipa kila tokeo la mpigaji uzito wake. Wastani wa kawaida wa mapigo hulihesabu pigo la besi moja (kituo kimoja tu cha kukimbilia) sawa na homurani (pigo linalomzungusha mpigaji besi zote), na haujali besi ya bure anayopewa mpigaji mrushaji akikosa shabaha mara nne. wOBA huipa besi ya bure uzito wa takribani 0.69, pigo la besi moja 0.88, la besi mbili 1.25, homurani karibu 2, kisha jumla hugawanywa kwa zamu za kupiga. Mpigaji wa kati hupata kama 0.315. Kwa ligi nzima, wapigaji wa kushoto hushuka takribani pointi 25 hadi 30 za wOBA (pointi moja ni 0.001) wanapokutana na mrushaji wa kushoto. Wapigaji wa kulia mbele ya mrushaji wa kulia hushuka kidogo zaidi ya nusu ya hapo.

Namba ya pili ni ya mchezaji mmoja mmoja, na ndiyo inayopotosha watu. Mpigaji mwenye zamu 600 kwa msimu huona warushaji wa kushoto katika zamu kama 150 tu. Mtawanyiko wa wOBA kwa zamu moja, yaani kiasi inavyoyumba kwa bahati, ni karibu 0.5; ugawanye kwa kipeuo cha pili cha 150, unapata 0.041. Hizo ni pointi 41 za bahati tupu, kubwa kuliko tofauti yenyewe tunayotafuta. Kumhukumu mtu kwa msimu mmoja hapo ni kama kuamua mavuno ya uwele ya Dodoma kwa mvua za wiki mbili za Desemba.

Dawa yake ni kuivuta namba ya mchezaji kuelekea ile ya kundi lake. Tom Tango, mchambuzi wa takwimu za besiboli, na wenzake walikadiria kwamba mpigaji wa kushoto aongezewe zamu 1,000 za mpigaji wa kawaida wa kushoto, na wa kulia takribani 2,200. Chukua mpigaji wa kushoto mwenye zamu 250 dhidi ya warushaji wa kushoto, aliyeshuka pointi 80. Gawanya 250 kwa 1,250, unapata 0.2. Tofauti yake na wastani wa kundi, tuseme 28, ni 52. Zidisha kwa 0.2, jumlisha 28: makadirio ni pointi 38. Ile 80 ya kutisha imepungua zaidi ya nusu. Mpigaji wa kulia mwenye namba hizohizo angebaki karibu kabisa na wastani wa wenzake.

Kwa hiyo kocha amekosea? Hapana, na hapa ndipo wapinzani wake wanapoteleza. Hata pointi 38 ni nyingi ikiwa benchi kuna mpigaji wa kulia anayekaribiana naye. Timu ya Baltimore Orioles chini ya kocha Earl Weaver iliwapishanisha wachezaji wawili kwa mkono wa mrushaji upande wa kushoto wa uwanja: mwaka 1982 John Lowenstein, wa kushoto, alipiga homurani 24 na Gary Roenicke, wa kulia, 21. Hakuna aliyehitaji kuthibitisha udhaifu wa yeyote kati yao. Mkono wa mrushaji ulitosha.

Hoja nzito zaidi dhidi ya kupumzisha ni nyingine, na sioni ikipewa nafasi inayostahili. Mchezaji anayekalishwa kila anapokuja mrushaji wa kushoto hupata zamu chache sana dhidi yao, labda 50 kwa mwaka. Kufikisha 1,000 kungemchukua miaka 20. Uamuzi wa kocha unaufuta ushahidi ambao ungeweza kuupinga, na kijana hapati mahali pa kujifunza. Ichiro Suzuki, mpigaji wa kushoto, alimaliza maisha yake ya ligi kuu akiwa na wastani mzuri zaidi dhidi ya warushaji wa kushoto kuliko wa kulia. Asingejulikana hivyo kama angefichwa.

Uwanja nao huchafua hesabu. Mwaka 2022 ukuta wa kushoto wa Camden Yards, uwanja wa Orioles, ulisogezwa nyuma na kuinuliwa, ukawaumiza wapigaji wa kulia. Rekebisho la takwimu kwa ajili ya uwanja linalotumia namba moja kwa mikono yote halioni hilo. Mrushaji mwenyewe pia achunguzwe: anayerusha kwa pembeni akitegemea slaida huongeza pengo, mwenye mpira mzuri wa polepole wa kudanganya hulipunguza.

Msimamo wangu: mkongwe mwenye mbadala mzuri apumzishwe. Kijana apangwe, na maendeleo yake yapimwe kwa vitu vinavyotulia mapema: asilimia ya kutolewa kwa straiki tatu, asilimia ya besi za bure, na mipira iliyopigwa kwa kasi ya kilomita 153 kwa saa au zaidi. Tangu 2020 mrushaji lazima akabili wapigaji watatu au amalize nusu ya iningi (kipindi cha timu moja kupiga), hivyo kijana huyo akiwekwa kati ya wapigaji wawili wa kulia, kocha mpinzani hawezi kwa urahisi kumleta mrushaji wa kushoto kwa ajili yake peke yake.

Mwalimu wa michezo wa Dodoma au Singida mwenye mechi kumi kwa mwaka aache kabisa kugawa takwimu za wanafunzi wake kwa mkono wa mrushaji. Mechi kumi hazitoshi hata kujua nani ni mpigaji bora. Apange wa kulia na wa kushoto kwa kupishana, na zamu zigawiwe kwa wote.